Silanga ya ngamia na silanga ya mashua

Mtoto wa Waberi, hapa Garissa, hajifunzi kuogelea mtoni. Tana iko karibu; ukisimama darajani unaiona imejitandaza, rangi ya chai ya maziwa, ikienda zake baharini bila haraka. Lakini ina mamba, na hakuna mtaa mjini Garissa usio na kisa cha mtu aliyeshuka kuteka maji akarudi bila mkono, au asirudi kabisa. Kwa hiyo mtoto anajifunzia kwenye silanga. Akikosa silanga, anajifunzia kwenye shimo lililoachwa na wachimba changarawe, mvua ikishalijaza, na mama yake anapata habari jioni akiona nywele za mwanawe zimekauka kwa tope.

Silanga, kwa msomaji wa pwani asiyelizoea neno hili, ni bwawa la udongo. Halina saruji wala chuma. Tingatinga linachimba mahali yanapopita maji ya mvua, udongo unaotoka unarundikwa upande wa chini na kushindiliwa mpaka uwe tuta, na siku laga, yaani mto wa msimu, ikishuka shimo linajaa. Kwa Kisomali ni war. Kidimbwi kinachojikusanya chenyewe bondeni ni balli. Miaka ya 1970 serikali ilichimba silanga nyingi Kaskazini Mashariki, wakati wa mipango mikubwa ya kuendeleza malisho, na tangu hapo zimekuwa zikiongezeka, hasa kura zinapokaribia. Mwanasiasa wa kwetu haanzi kwa kuahidi lami. Anaanza na silanga.

Nimekua na neno hili mdomoni, ndiyo maana nilishangaa siku nilipoambiwa jijini Nairobi kwamba mmoja wa mitaa ya Kibera unaitwa Silanga. Niliuliza ng'ombe wanaokunywa hapo ni wa nani. Watu wakacheka. Niliposhuka kuitafuta silanga yenyewe nilionyeshwa kwa kidole uwanja mpana wa kijani, majani yamebanana kama shamba la mboga lililopata mbolea kupita kiasi. Pembeni palipandwa nduma na miwa. Nilidhani nafanyiwa mzaha. Nikaokota jiwe nikalitupa katikati ya yale majani. Halikutoa mlio wa maji. Lilitoa mlio wa kitu kinachozama kwenye uji.

Hilo ndilo Bwawa la Nairobi, na watu walikuwa wakipiga tanga humo.

Lilijengwa mwaka 1953. Nairobi ilikuwa imepewa hadhi ya jiji miaka mitatu tu nyuma, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na jiji lilikuwa likikua kuliko mabomba yake. Bwawa la Sasumua kule Nyandarua, ambalo lingekuja kuleta maji ya uhakika, lilikamilika 1956. Kwa hiyo mto Motoine, unaotiririka kutoka upande wa Dagoretti na msitu wa Ngong, ukawekewa tuta la udongo ili maji yake yawe akiba ya dharura. Yakatanda eneo la hekta 35 hivi. Kina chake kwa wastani hakikufika mita tatu, yaani bwawa pana lakini lisilo na kina, kama sinia. Kumbuka hiyo sinia, nitairudia.

Maji ya akiba yana tabia moja: siku nyingi hayana kazi. Yanakaa yakingoja shida. Na maji yanayokaa karibu na jiji lenye watu wa kujifurahisha hayakosi wa kuyapatia kazi. Klabu ya mashua ikajenga ukingoni, Jumamosi na Jumapili matanga meupe yakaonekana kutoka barabara ya Lang'ata, wavuvi wa kujipitishia muda wakakaa na ndoana zao. Kaskazini mwa bwawa waliishi Wanubi, wazao wa askari wa King's African Rifles waliopewa makazi pale mwanzoni mwa karne ya 20. Wao ndio walioliita eneo hilo Kibra, yaani msitu. Upande wa mashua na upande wa Wanubi zilitazamana ng'ambo ya maji yale yale. Katika Nairobi ya 1953, iliyogawanywa mitaa kwa rangi ya ngozi, hakuna aliyehitaji kuuliza nani alikuwa upande gani.

Hapa nachomeka kisa cha kwetu, maana kinachekesha. Wajir nako maafisa wa kikoloni walikuwa na klabu ya mashua. Waliiita Royal Wajir Yacht Club, wakaipa jengo lenye sura ya meli, katikati ya mchanga, mamia ya kilomita kutoka bahari iliyo karibu. Haikuwa na mashua hata moja wala maji ya kuelea. Ulikuwa utani wa watu wapweke waliotumwa mbali na kwao na wakahitaji mahali pa kunywea. Nairobi wenzao walikuwa na maji kweli. Leo zikipimwa klabu hizi mbili, ya Wajir na ya Nairobi, kwa maji ya kupigia tanga, zinakaribia kulingana.

Bwawa la Nairobi lilikufa vipi? Si kwa ukame. Mto Motoine haujakauka. Bado unaingia juu na unatoka chini ya tuta ukiitwa mto Ngong, unapita South B na Mukuru, unaungana na mto Nairobi. Kilicholiua ni vile vitu mto ulivyobeba. Kibera ilipanuka kuelekea majini, nyumba kwa nyumba, bila bomba la majitaka na bila gari la kuzoa taka. Mvua ikinyesha mteremko wote unaoshwa: udongo, plastiki, majivu, vinyesi, vyote vinashuka mpaka mahali maji yanapopunguza mwendo, na mahali maji yanapopunguza mwendo ndipo bwawani. Hiyo ndiyo kazi ya bwawa, kutuliza maji. Maji yakitulia yanaweka mzigo chini.

Sasa ile sinia. Bwawa lenye kina cha chini ya mita tatu halina nafasi ya kuweka mizigo ya miaka 70. Likajaa kutoka chini, na likishakuwa na tope lenye rutuba kiasi hicho, gugu maji likapata kitalu. Mmea huu wa Amerika Kusini, wenye ua la zambarau la kupendeza, tayari ulikuwa umeonekana Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990. Ulipofika Bwawa la Nairobi ulifunga uso wote wa maji. Chini yake hakuna mwanga, hewa inaisha, samaki wanakufa, na majani yanayooza yanaongeza tope jingine. Baadaye watu wakaona kwamba tope linaweza kumbeba mtu, wakapanda. Nduma inapenda mahali kama hapo. Nduma hizo zinauzwa, na mnunuzi hajui zilikolelewa.

Simlaumu mtu wa Silanga. Mtu asiye na choo chenye bomba anatumia mteremko, kama ambavyo mtu asiye na mlango anatumia pazia. Lakini kuna jambo nililolitafakari nikiwa nimesimama juu ya lile tuta, ambalo limekuwa njia ya miguu ya wapita njia wengi wasiojua kwamba wanakanyaga bwawa: katika maisha yake yote, Bwawa la Nairobi halikuwahi kuwa na watu wanaolihitaji kwa koo. Walioweka akiba walipata maji bora milimani, wakalisahau. Waliocheza ndani yake walipoona maji yamebadilika rangi walihamisha mashua, au waliacha kucheza. Waliokaa kando yake hawakuyanywa, maana walikuwa wakinunua maji kwa mtungi kutoka kwa wachuuzi. Hakuna hata mmoja kati ya watatu hao ambaye tope lingemwacha na kiu. Ndiyo maana hakuna aliyeshika jembe.

Twende sasa kwenye silanga ya ngamia.

Garissa kwa mwaka wa kawaida haipati milimita 400 za mvua. Jua nalo linanyonya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka kutoka kwenye maji yaliyo wazi. Fanya hesabu ambayo kila mfugaji anaifanya bila karatasi: silanga yenye kina cha mita mbili itakauka yenyewe kabla mwaka kuisha, hata kama hakuna mbuzi aliyeinusa. Jua litakuwa limeinywa yote. Ndiyo maana mchimbaji mwenye akili hatafuti upana, anatafuta kina. Silanga nyembamba ya mita tano inashinda silanga ya kupendeza ya mita mbili ambayo mgeni wa heshima anapigiwa picha mbele yake. Na ndiyo maana tope ni adui mkubwa kuliko ukame wenyewe. Ukame unakuja na kuondoka, tope likiingia linabaki. Kila mvua inaleta sentimita kadhaa, na kila sentimita inaondoa siku za maji mwishoni mwa kiangazi cha Jilaal, siku ambazo ndizo zinazoamua kama mnyama atafika kwenye mvua ya Gu au ataachwa njiani.

Silanga inayotunzwa utaijua kabla ya kuyaona maji. Ina ua wa miba ya mgunga, na mlango mmoja. Mifugo haishuki ndani. Maji yanapandishwa kwenye birika nje ya ua, na ngamia, ambaye akiwa na kiu anaweza kumaliza lita 100 kwa dakika kumi hivi, anangoja zamu yake kama abiria wa basi la Mwingi. Kabla ya maji kuingia silanga kuna kishimo kidogo cha kwanza, mtego wa mchanga, ambapo laga inaangusha uchafu wake wa kwanza. Kishimo hicho kinazolewa kila baada ya mvua, maana ni rahisi kuzoa toroli ishirini kuliko kuita tingatinga. Na kuna wazee. Wazee wa silanga ndio wanaojua ukoo gani unanywesha siku gani, nani amekuja kutoka mbali na lazima apishwe, nani amechangia na nani anajificha.

Upande wa juu, mbali na mlango wa mifugo, utawaona akina mama wamechimba vishimo vidogo kwenye mchanga wa ukingoni, hatua chache kutoka majini. Mama hachoti silanga moja kwa moja. Anakaa karibu na kishimo chake, anangoja maji yajipenyeze kupitia mchanga, anayachota kwa kikopo taratibu ili asiyatibue, kikopo baada ya kikopo, mpaka mtungi wa lita 20 ujae. Maji ya kishimo ni meupe kidogo kuliko ya silanga. Ukiyaonja yana ladha ya udongo, lakini si ya mbuzi. Punda amesimama nyuma yake na mitungi mingine mitatu mgongoni. Mwenye kungoja namna hiyo, kwa jua lile, hatamruhusu mtu yeyote aoshe pikipiki yake ukingoni.

Lakini nisiisifie Garissa kwa kitu ambacho hakipo kila mahali. Zipo silanga zilizokufa huku kama ilivyokufa ya Kibera, tofauti ni kwamba za huku hazina gugu, zina nyufa. Ukitembea juu ya silanga iliyokufa, tope limekauka vipande vya pembe nyingi, kila kimoja kimejikunja kingo kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Zilikufa kwa sababu zilichimbwa na mradi, zikafunguliwa kwa ribboni, mradi ukaondoka na hakuna aliyeambiwa ni yake. Au zilichimbwa mahali ambapo wafugaji walikuwa wakipapitia msimu wa mvua tu na kupaacha papumzike. Maji ya kudumu yakawavuta watu wakae, duka likajengwa, kisha la pili, malisho ya kilomita nyingi kuzunguka yakabaki vumbi. Wazee walionya mapema. Silanga isipowekewa mpaka inakula malisho kuliko inavyonywesha.

Bado, wakati wa kiangazi cha 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilikataa mfululizo, tulijifunza bila kufundishwa ni silanga zipi zilikuwa na wenyewe. Zile zenye wenyewe zilikauka pia, maana hakuna silanga inayoshinda misimu mitano. Lakini zilipokauka watu walishuka ndani na sepeto wakatoa tope, kwa sababu silanga tupu ndiyo pekee inayozoleka. Mvua za El Niño zilipofika mwishoni mwa 2023, wao walikuwa na shimo la kuzipokea. Wengine walikuwa na sinia.

Kuna uzi mwingine unaounganisha Waberi na Bwawa la Nairobi, na huu hautajwi mara nyingi. Maji mengi ya jiji la Nairobi yanatoka Ndakaini, kaunti ya Murang'a, kwenye bwawa lililokamilika 1994, nalo la udongo, linaloshika takriban mita za ujazo milioni 70. Ndakaini imezuia mto Thika. Mto Thika unaingia Tana. Maana yake, maji yanayozuiwa kule milimani, yangeachiwa, yangeshuka Masinga, yapite Kiambere, yatoke nyikani na siku chache baadaye yapite chini ya daraja letu la Garissa. Badala yake yanaingia bombani, yanafika jijini, yanaoga watu, yanafua nguo, na sehemu yake inaishia kwenye mtaro wa Kibera, inashuka Motoine, inaingia bwawani. Kutoka hapo ni mto Ngong, ni Athi, ni Galana, ni Sabaki, na baharini kaskazini mwa Malindi. Maji yaliyozaliwa kuwa Tana, yaliyopaswa kufika baharini kupitia Kipini, yanaingilia mlango wa jirani, yakiwa yamechafuka. Jiji linakunywa kikombe chetu kisha linakioshea silangani mwake.

Jiji lazima linywe, silikatalii hilo. Ninachosema ni kwamba tone hilo, lililosafiri umbali wote huo, lingestahili mwisho bora kuliko kulisha gugu.

Tuta la udongo, likijengwa vizuri, ni kitu cha kushangaza kwa umri wake. Katikati wanaweka udongo mfinyanzi ulioshindiliwa ukiwa na unyevu wa kiasi, kama unga wa chapati: ukizidi maji unateleza, ukipungua unavunjika. Pembeni wanaweka udongo wa kawaida wa kuushikilia. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapobania pesa, wanachimba njia ya kando ya kumwagia maji ya ziada, iliyo chini kidogo kuliko kilele cha tuta. Njia hiyo ndiyo roho ya bwawa. Maji yakipita juu ya tuta la udongo hata kwa saa moja yanalikata kama kisu kinavyokata sabuni. Na kuna vya polepole: mizizi ya mti ulioachwa ukakua juu ya tuta, shimo la nungunungu, kichuguu cha mchwa, mahali padogo panapolowa upande wa kavu bila mvua. Mtu anayepita kila siku anaona. Asiyepita haoni.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, tuta la bwawa la shamba moja huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilipasuka wakati wa mvua kubwa, likawashukia watu waliokuwa majumbani mwao. Walikufa zaidi ya 40, wakiwamo watoto. Miaka 15 kabla ya hapo, mwaka 2003, mafuriko yaliharibu njia ya kumwagia maji kwenye Sasumua na Nairobi ikaonja kiu. Methali ya ufa na ukuta ilitungwa na mtu wa nyumba. Mwenye bwawa hana nafasi ya kujenga ukuta. Ufa wake ukishapanuka, bwawa liko kijijini.

Na sisi wa Garissa tunaishi chini ya bwawa kubwa kuliko yote nchini. Masinga, iliyokamilika 1981, nayo ni ya tuta, na ziwa lake lina eneo la kilomita za mraba 120 hivi likijaa. Kule kuna hoteli, watu wanapanda boti, wanakula samaki wakitazama machweo. Huku chini, likijaa, tunasikiliza redio. Tangazo la kwamba Masinga inamwaga linamaanisha mashamba ya ndizi na maembe kando ya mto yatakuwa ziwa baada ya siku chache, na barabara ya Madogo itakatika, kama ilivyokatika Novemba 2023 na tena Aprili 2024, watu wakavushwa kwa boti, na boti moja ikapinduka na kuua. Burudani ya juu ya mto na hofu ya chini ya mto zinatoka kwenye maji yale yale. Sijui kama mgeni wa Masinga, akishika glasi yake, huwahi kuwaza kwamba yule aliye mwisho wa maji hayo anahamisha godoro.

Mvua kubwa ina madeni mengine. Mwaka 1997 kuingia 1998, na tena 2006 kuingia 2007, mafuriko yaliyotuama Garissa yaliangua mbu waliokuwa wamelala wakiwa mayai kwenye udongo, na mbu hao wakaleta homa ya Bonde la Ufa. Mbuzi na ngamia walitupa mimba, wachinjaji na wachungaji wakaugua. Katika mlipuko wa pili peke yake watu zaidi ya 150 walikufa nchini. Kwa hiyo mtu akiniambia tuchimbe bwawa la kujifurahisha mjini, kama nilivyosikia likizungumzwa barazani, swali langu la kwanza ni mbu, la pili ni mtoto asiyejua kuogelea, na la tatu ni tope.

Lakini silikatai wazo. Garissa ni mji wa joto la nyuzi 35 na zaidi siku nyingi za mwaka, na watoto wake hawana mahali pa kuloweka miguu isipokuwa mtoni kwa mamba au kwenye shimo la changarawe ambalo halina mtu wa kuwaangalia. Kila baada ya mvua tunazika mtoto wa shimo. Maji yenye ukingo wa taratibu, ua, mtu wa kulinda na mti wa kivuli yangeokoa maisha kuliko mabango mengi ya kuonya. Korongo wa marabu waliojaa kwenye miti ya mji wangekuja bila kualikwa. Twiga nao, ukiwaachia njia.

Tofauti iwe hapa: maji hayo yawe silanga kwanza, mchezo baadaye. Yawe maji ambayo punda wa Waberi anayategemea, ambayo mama amechimba kishimo chake ukingoni, ambayo ukoo fulani unajua zamu yake, na mtoto aogelee upande mmoja, chini ya mlango wa mifugo, si juu yake. Mahali pakiwa hivyo, siku mtu atakapoleta taka zake kumwaga atakutana na yule mama wa kikopo kabla ya kukutana na askari wa kaunti. Nairobi ilifanya kinyume. Ilitenga maji ya kucheza, ikasahau kuyapa mwenye kiu.

Huko jijini sasa kuna Tume ya Mito ya Nairobi, kuna vijana wanaolipwa kwa siku kuzoa taka kando ya mito, na kurudisha bwawa kumo kwenye mazungumzo. Nawatakia heri. Kabla yao walipita wengine na mipango mizuri, ikiwamo iliyoungwa mkono na ofisi za Umoja wa Mataifa zilizo jijini humo humo. Gugu liling'olewa likarudi, kwa sababu lililo juu ya maji ni jani tu. Shina liko kwenye vyoo vya mteremkoni. Watakaoanza na mabomba ya majitaka ya Kibera watakuwa wameanza na bwawa. Watakaoanza na boti za watalii watarudi kung'oa.

Nyumbani, kazi ni ndogo na ina tarehe. Mvua za Deyr huanza Oktoba. Hagaa, miezi ya upepo kavu kutoka Julai hadi Septemba, ndio wakati silanga iko chini na tope linaonekana. Kama silanga ya kwenu ina mtego wa mchanga, nendeni mwishoni mwa wiki moja ya miezi hiyo mkauzoe. Kama ina miti juu ya tuta, ing'oeni ingali michanga. Tembeeni upande wa kavu wa tuta asubuhi, kabla jua halijakausha kila kitu, mtazame kama kuna mahali panapolowa. Pakilowa, msingoje mkutano. Mpigieni simu mhandisi wa maji wa kaunti siku hiyo hiyo, na mtu abaki pale mpaka afike.